Kisu cha Baba na Herufi za Kijapani

Kofi la kwanza lilimkuta Mizani akicheka.

Alikuwa amesimama nyuma ya gogo la kukatia nyama, simu ameiegemeza kwenye friji, akimsomea mama yake neno alilolifumbua asubuhi ile. "Mama, hebu sikia. Na... i... fu. Naifu! Ni kisu! Wajapani nao wameliazima kwa Waingereza. Kumbe dunia nzima tunaazimana tu kama majirani wa ukuta mmo..."

Pa!

Neno lilikatikia njiani. Sikio lake la kushoto likajaa mlio kama wa nyuki, na kwa kitambo hakuona kitu ila vigae vyeupe vya ukutani vikicheza. Alipopata macho, kaka yake alikuwa mbele yake, kifua kikipanda na kushuka, mkononi ameshika kisu cha marehemu baba yao.

"Nani amekigusa kisu hiki?"

Wateja walimwita Mizani kwa sababu hakuna aliyewahi kupunjwa kwa mkono wake. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki nyumbani kwa mama yake tu. Tangu baba afariki, kaka yake ndiye aliyeshika bucha, akashika na kila kilichokuwa ndani yake: misumeno, kulabu, funguo, mama, na dada. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye mikono iliyozoea kuvunja mifupa. Mtaani walimsifu kwa uchapakazi. Nyumbani walimsikiliza anavyofunga mlango ili wajue siku itakavyokuwa.

"Nimeuliza. Asubuhi hii mpishi wa hoteli, mteja tunayemtegemea, amesimama hapo kabla hamjafika. Nimekishusha kisu cha Baba nimkatie mbavu kwa heshima. Kimechana nyama kama mbwa! Nikakigeuza, nikakuta kimekwanguliwa! Mtu amecheka mbele yangu! Nani amekigusa?"

"Mimi, Kaka," Mizani alisema. Damu ilikuwa imeanza kumjia mdomoni, akaimeza.

"Wewe na nani?"

Macho ya Mizani yalishuka sakafuni. Kaka yake aliinama akaokota ile simu, iliyokuwa imeanguka kwenye vumbi la mbao chini. Kioo kilikuwa bado kinawaka. Aliitazama, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Madudu gani haya? Ndiyo mnayoandikiana na yule mnoa visu?"

"Si ya kuandikiana, Kaka. Ni tovuti ya Kijapani. Wanafundisha kunoa visu kama hicho cha Baba."

"Kijapani! Wewe uliyekimbia hesabu darasani, leo unasoma Kijapani!" Aliidondosha simu sakafuni akaikanyaga kwa kisigino cha buti, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kioo kikawa unga. "Nilikwambia yule mtu simtaki. Nilikwambia mwenye malori ya ng'ombe amekuja kukuposa kwa adabu, na nimeshamkubalia. Ukaniitikia 'ndiyo Kaka.' Kumbe ndiyo yenyewe hii?"

"Mama," Mizani aliita.

Mama yao alikuwa kwenye kiti chake kirefu karibu na dirisha la kulipia, kitambaa mkononi, akifuta mahali palipokwisha kuwa safi. Hakuinua macho. "Mwombe kaka yako msamaha, mwanangu. Ndiye baba yako sasa."

Lakini kaka hakusubiri kuombwa kitu. Alisukuma mlango wa chuma kwa bega, akatoka, kisu mkononi, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Gari moja lilipiga breki likapiga na honi. Upande wa pili, katika chumba chembamba chenye mlango wa bluu, mashine ya kunolea ilikuwa ikilia.



Humo ndani alikuwamo Cheche.

Walimwita hivyo kwa sababu ukipita mlangoni pake unamwona ameinama kwenye jiwe linalozunguka, cheche zikimrukia kifuani, naye hashtuki. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mwanya na sauti ya chini iliyokulazimisha usogee ili umsikie. Mizani alikuwa akimpelekea visu vya bucha tangu zamani, akiviweka mezani na kuondoka. Siku moja alimpelekea picha tu, kwenye simu. "Hiki ni cha marehemu baba," alimwambia. "Aliuziwa na mpishi wa meli. Kimetundikwa ukutani, kimekufa makali, na kaka yangu hataki mtu akiguse. Nataka kikate tena. Lakini tazama, kimechongwa upande mmoja tu."

Cheche alitazama picha, kisha akamtazama aliyeileta, na macho yake yakachelewa kuondoka.

"Kwenye shina la bapa kuna maandishi," alisema. "Tuyatafute."

Maandishi yakawapeleka kwenye tovuti ya mnoaji mmoja mzee wa huko Japani, mtu aliyeonekana kuandika kila alilolijua bila kujali kama kuna anayesoma. Waliiweka kwenye programu ya kutafsiri, nayo ikawaambia: "Mlaze mgongoni, mpe maji, usimnyang'anye matope yake." Walicheka mpaka Cheche akakaa chini. Ndipo Mizani aliposema, kama mzaha, "Basi tujifunze wenyewe."

Mzaha ukakua. Walikuta ni maandishi ya aina tatu, yamekaa katika sentensi moja bila hata kuoneana haya. Aina ya kwanza iliyopindapinda waliimudu, ya pili yenye kona wakaimudu nusu, na ya tatu, zile herufi kubwakubwa kila moja na nyumba yake na watoto wake ndani, ikawashinda. Walisoma silabi kwa silabi kama watoto wa chekechea. Ukurasa ambao Mjapani mwenyewe angeusoma akinywa chai, wao uliwachukua wiki nzima. Cheche alimfundisha kuandika kwa kidole kilicholowa juu ya jiwe la kunolea: herufi ilikaa, ikang'aa, ikakauka, ikapotea, na wakaandika nyingine. Siku aliyomshika kidole ili amwonyeshe mkunjo wa mwisho wa herufi moja, ilikauka na nyingine haikuandikwa. Walibaki hivyo, kidole ndani ya mkono, mpaka mteja akabisha hodi.

Kisha wakafika kwenye ukurasa wa kunoa wenyewe. Kurasa za mwanzo zilikuwa na herufi ndogo juu ya kubwa, zikinong'ona jinsi ya kuzitamka. Ukurasa huu haukuwa nazo. Na humo mlikuwa na herufi mbili zilizofanana kama mapacha waliovalishwa sketi moja; moja maana yake mbele, nyingine maana yake nyuma. Tofauti ni kitu kama kijishamba kidogo tumboni mwa mmoja wao. Mzee alikuwa amesisitiza kwa nguvu kwamba upande mmoja usiguswe na jiwe la kukwaruza.

"Hii ni mbele. Wa mbele ndio usioguswe," alisema Mizani.

"Una hakika?" Cheche aliuliza.

Alikuwa ameinama karibu naye mno, akinuka maji na chuma, na Mizani hakuwa na hakika ya kitu chochote duniani. "Nina hakika," alijibu.

Mizani akakileta kisu kwa siri, wakaunoa ule upande wa nyuma, wenye kishimo chake laini kinachokipa kisu uhai wake. Wakaukwangua mpaka ukawa bapa kama kijiko kilichokanyagwa. Walipogundua, kwa kuukuta ukurasa mwingine wenye picha, walikaa mbele ya kile kisu kama wafiwa. Wakakirudisha ukutani. Na tangu siku hiyo Mizani alikuwa akiitafuta dawa, silabi kwa silabi, akiomba asikishushe mtu kabla hajaipata.

Leo kimeshushwa.

"Mwache, hasira zitamtoka," mama yake alisema nyuma yake.

"Zitamtokea wapi, Mama? Kwa nani?" Mizani alijibu, na tayari alikuwa barabarani, aproni yake yenye damu ikimpiga magotini.

Kaka alikuwa amekwisha kuingia. Mashine ilinyamaza. Sauti ya kwanza iliyosikika ilikuwa ya ndoo ikipigwa teke na maji kumwagika.

"Shemeji," Cheche alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya chini, mikono ameinyoosha wazi, "karibu, tuzungumze..."

"Shemeji yako nani?"

Ngumi ilimpata mdomoni. Alirudi nyuma akaangukia rafu, mawe ya kunolea yakamporomokea begani na kichwani. Mizani alifika mlangoni akamwona sakafuni katika maji, damu inamchuruzika mwanyani, na kaka yake amesimama juu yake kama anavyosimama juu ya ng'ombe.

"Mwache! Ni mimi niliyesoma vibaya!" alipiga kelele. "Yeye aliniuliza, nikamwambia nina hakika!"

"Usimsikilize," Cheche alisema kutoka chini. "Kazi ni yangu, jiwe ni langu. Mimi ndiye niliyekiharibu."

Kaka aliwatazama, huyu kisha huyu. Kilichomwuma zaidi ya kisu kikaonekana usoni mwake. "Mmefika huko? Mpaka makosa mnagombea?" Akampiga Cheche teke la mbavu. Akampiga jingine. "Dada yangu! Chini ya pua yangu! Na mimi nimeshatoa neno kwa watu!"

Mizani hakuwaza. Alimrukia mgongoni, akamkaba shingo kwa mkono uliokuwa ukibeba robo ya ng'ombe kila siku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamsikia kaka yake akikosa pumzi. Walizunguka pamoja katika kile chumba chembamba, wakagonga meza, wakagonga mashine. Kisha kaka akamkamata nywele, akamvuta juu ya bega, akambwaga ukutani. Alihisi ukuta unamwingia mgongoni. Akateleza chini, mdomo wazi, hewa haiingii.

Hapo Cheche aliinuka.

Mpaka wakati huo hakuwa amejibu hata kofi moja. Aliinuka taratibu, akampiga kaka ngumi moja tu, ya pua, na mfupa ukasikika. Damu ilimwagika kidevuni mwa kaka kama mfereji uliofunguliwa. Kaka alijigusa, akatazama vidole vyake. Alikuwa bado na kisu mkononi.

Aliinua mkono.

Cheche alijikinga, na kisu kikamshukia kwenye mkono, chini ya kiwiko. Kisu chenye makali kingepita na kwenda zake. Hiki kilikwama, kikaburuza, kikarudi nyuma na nyama ya mtu. Yowe alilolitoa halikuwa na neno ndani yake.

"Mwanangu! Acha! Utaua!"

Mama alikuwa ameingia, na kabla Mizani hajamwona vizuri alikuwa amekwisha kuudaka mkono wa mwanawe kwa mikono yake miwili. Kaka hakumtazama. Aliupiga mkono nyuma kama mtu anayefukuza nzi, mama akaruka, akajigonga kwenye nguzo ya chuma ya mlango. Kiwiko chake kilitoa mlio mdogo mkavu. Alikaa chini pale pale kizingitini, bila kulia, kama mtu aliyeambiwa akae.

Mizani aliokota jiwe lililo karibu, zito, limelowa, akampiga nalo kaka yake kwenye kifundo cha mkono. Kisu kilianguka.

"Toka," alisema.

"Wewe..."

"Toka, Kaka. La sivyo lifuatalo ni la kichwa."

Kaka yake alimtazama. Huenda aliona kwamba hatanii, au labda aliona damu iliyokuwa ikisambaa katika maji mpaka kwenye buti zake. Alimruka mama yake kizingitini kama anavyoruka mtu ndoo. "Mmeyataka wenyewe," alisema, akavuka barabara.

Mizani alivua aproni, akaufunga mkono wa Cheche ndani yake, akabana kwa nguvu zote juu ya mshipa. Alijua mshipa unapopita. Miili haitofautiani sana.

"Nitazame," alimwambia. "Usilale. Nitazame mimi."

"Nakutazama," Cheche alisema, meno yakigongana. "Sijawahi kuacha."

Zahanati haikuwa mbali. Dereva wa pikipiki aliyekuwa amesimama kutazama ugomvi alijikuta amebebeshwa watu wawili na kufokewa aende. Mizani alitaka arudi kumchukua mama yake, lakini mama alimpungia mkono mzima kutoka kizingitini: nendeni.

Daktari alishona kwa muda mrefu. Mizani alisimama kichwani mwa kitanda, akihesabiwa na muuguzi miongoni mwa vitu vinavyozuia njia, na hakutoka. Jeraha lilikuwa baya, lenye kingo zilizochanika, lakini vidole vilipoambiwa vijikunje vilijikunja, vyote, hata kile cha mwisho kilichochelewa.

"Atanoa tena?" Mizani aliuliza.

"Akitulia," daktari alijibu, akavua glavu. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akiandika. "Jeraha la kisu hilo," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeshampigia askari. Anakuja. Pangeni maneno yenu." Akaondoka, akavuta pazia.

Wakabaki wawili. Cheche alikuwa mweupe midomoni. Alimtazama Mizani kwa muda, shavu lake lililovimba, nywele zake zilizong'olewa upande mmoja, akainua mkono mzima akamgusa kidogo chini ya jicho.

"Nitamwambia nilijikata," alisema.

Mizani alidhani hakusikia vizuri. "Utamwambia nini?"

"Kazi yangu visu. Nani atashangaa? Nilikuwa nanoa, kisu kikaruka, kikanikata. Yakaisha."

"Yakaisha?"

"Fikiri, mpenzi. Nikisema ni kaka yako, watamfunga. Nikimfunga kaka yako, nitakuoa vipi? Nitaingia nyumbani kwenu kwa mlango upi? Ukoo wenu wote utaniona mimi ndiye niliyewavunja. Lakini nikimfichia leo, atakuwa na deni kwangu. Atalainika. Nitakwenda kwake taratibu, kwa adabu..."

"Na mimi nitarudi nyumbani usiku huu?"

Mkono wa Cheche ulishuka kutoka shavuni mwake.

"Nijibu. Ukishamficha, mimi nitalala wapi? Si kwenye nyumba yake? Si chumba cha pili kutoka chake?"

"Mizani, mimi nafanya haya kwa ajili yetu..."

"Usiniambie yetu!" Sauti yake ilipanda mpaka nyuma ya pazia mgonjwa mmoja akakohoa. Akaishusha, ikawa mbaya zaidi. "Unakumbuka uliniuliza kovu langu hili?" Aligeuza shingo, akafunua nyuma ya sikio, mahali ngozi ilipokunjamana. "Nilikwambia nini?"

"Kulabu. Uliinama, ukainuka ghafla."

"Sikuinuka ghafla. Nilimwambia Kaka simtaki mwenye malori, akanisukuma kwenye kulabu. Hiki kidole kilichopinda nilikwambia ni mlango wa friji. Si mlango. Nimekuwa nikimfichia miaka, Cheche. Ninajua kumfichia kuliko wewe. Hajawahi kulainika. Kila nilipomfichia alipata hakika tu kwamba nitamfichia tena."

Cheche alifumba macho. Machozi yakapita pembeni, yakaingia masikioni, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta kwa sababu ule mzima alikuwa ameshamshika Mizani.

"Nilikuwa nikikuona kila siku," alisema. "Nilikuwa nikikutazama kila siku, na sikuona."

"Nilikuwa sitaki uone. Kwako ndipo mahali pekee nilipokuwa sina kaka."

"Basi sema unavyotaka. Mimi nitasema kama wewe."

"Sitaki useme kama mimi. Sema kilichotokea."

Kabla hajajibu, pazia lilivutwa. Alikuwa mama. Kitambaa chake cha kufutia, kile kile cha dirishani, alikuwa amekifunga kiwikoni kama bandeji, na mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye vidole. Alimtazama Cheche kitandani, akatazama mkono wake uliofungwa, kisha akaitazama mikono ya hao wawili iliyoshikana.

"Askari yuko hapo nje anaongea na muuguzi," alisema. "Mwanangu, nakuomba. Ya nyumbani yabaki nyumbani. Ni kaka yako. Mmetoka tumbo moja."

"Mkono umekuwaje, Mama?"

"Nimeteleza. Pale palikuwa na maji."

"Mama."

"Nimesema nimeteleza."

"Yeye yuko wapi sasa?"

Mama alikaza kitambaa kiwikoni. "Bucha. Amenawa uso, amefungua. Anahudumia wateja." Alisema hivyo kwa sauti tupu, kama mtu anayesimulia habari za mtaa mwingine. "Nilipita pale kabla ya kuja. Nilimwambia, mwanangu, mkono umeniuma, nipeleke hospitali. Akaniambia nisubiri ammalizie mteja."

Mizani alisogeza kiti, mama akakaa.

Askari aliingia, mwanamke mrefu mwenye uso uliochoka na kalamu iliyotafunwa. Alisalimia, akamwuliza Cheche hali, kisha akauliza kama anavyouliza mtu aliyekwisha kudanganywa mara nyingi: "Haya. Nani kamkata nani?"

Cheche alimtazama Mizani. Mizani alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu anayeomba dua asiyoiamini.

Kwa Mizani maneno yalikuwa mazito kuliko jiwe alilolishika asubuhi. Alimkumbuka kaka yake akiwa kijana, akimbeba mabegani kwenda kumwonyesha wanyama wa mnadani, akimwambia shika nywele zangu usianguke. Huyo alikuwa kaka yake pia. Alitamani kuwe na njia ya kumshtaki mmoja bila kumpeleka mwingine. Haikuwapo.

"Aliyemkata ni kaka yangu," alisema. "Wa tumbo moja. Alinipiga mimi kwanza, bucha, halafu akavuka barabara na kisu akampiga huyu. Kisu kiko kwenye chumba cha huyu, sakafuni. Nami nilimpiga kaka kwa jiwe mkononi. Andika na hilo."

"Na mimi nilimpiga ngumi ya pua," alisema Cheche kutoka kitandani. "Nayo iandike. Lakini yote aliyosema ni kweli."

Askari aliandika. Kalamu ilikwaruza, ikasimama. "Kuna shahidi mwingine? Maana ninyi wawili..." Alinyanyua kalamu kidogo, akiionyesha ile mikono iliyoshikana. "Atasema mmepanga. Atasema ni wivu wa wapenzi. Nimeyasikia hayo."

Nje mtoto alikuwa akilia kwa sindano.

"Na wewe, Mama?" askari aliuliza. "Huo mkono?"

Mama aliinua uso. Mizani alikuwa amemfahamu mwanamke huyu maisha yake yote, na hakuwahi kumwona akimtazama mtu yeyote mwenye sare machoni.

"Baba yao alikuwa hivi hivi," mama alisema. "Nilinyamaza, nikadhani nikinyamaza mimi watoto watasalimika. Kumbe yule mkubwa alikuwa anajifunza." Alimeza mate. "Sikuteleza, afande. Mwanangu amenisukuma. Na huyu kijana nilimwona anavyokatwa, alikuwa amejikinga tu. Niandike."

Mizani alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, ndipo alipolia, kilio cha tangu asubuhi na cha miaka. Mama alimshika kichwa kwa mkono mmoja, akimpapasa pale nywele zilipong'olewa, pole pole, akitafuta mahali pasipouma.

"Nitahitaji mtu wa kunielekeza hilo bucha," askari alisema, akifunga daftari.

"Nitakwenda mimi," mama alijibu.

"Mama, kwanza wakutazame kiwiko..."

"Kiwiko kitaningoja. Nimekingojesha mengi zaidi ya hili." Alisimama. Kabla ya kugusa pazia aligeuka. "Na wewe, mnoa visu."

"Naam, Mama." Cheche alijaribu kuinuka kwa heshima. Maumivu yakamrudisha kitandani.

"Lala hapo. Mkono ukipona, uje nyumbani na watu wako. Uje mchana, watu wakuone."

"Nitakuja, Mama. Hata kesho."

"Nimesema ukipona," mama alisema, akatoka na askari kwenda kumwonyesha njia ya bucha.